Milioni 60 zikae kwa jina la nani?

Jumapili baada ya ibada walikuja kwangu mtaa wa Kisasa mtu na mkewe, wote watumishi, mume amebakiza miezi 4 astaafu. Wakafungua bahasha ya kaki mezani, wakanionyesha kwa furaha fomu za kufungulia akaunti Thailand. Juu kabisa, kwa mwandiko mzuri wa shemeji, yalikuwa majina mawili: la baba na la mama. Nikaweka kikombe chini. Hii ni familia ya tatu kutoka Dodoma hii hii kuniletea akaunti ya pamoja.

Wadogo zangu mnaotaka kuhamia Thailand mkistaafu, nawapenda, lakini mnanichosha. Mnauliza bei ya nyumba, mnauliza kama kule kuna unga wa dona, mnauliza makanisa. Hela ya amana, ile baht 800,000 inayotakiwa ikae benki ya kule ili mstaafu apewe kibali cha kukaa mwaka, ambayo ndiyo roho ya jambo lote, mnaipitia juu juu kwa sababu "si inakaa tu benki". Non-O, viza wanayoingilia wastaafu, mnaijua, umri wa miaka 50 mmeshavuka, kwa hiyo naanzia pale mnapoangukia.

1. Pigeni hesabu ya mkupuo, ile sehemu ya pensheni inayolipwa mara moja, kabla ya kwenda kupiga picha za pasi. Baht 800,000 ni karibu shilingi milioni 60, na hupanda au kushuka kadiri shilingi yetu inavyoamka. Kikokotoo cha pensheni kilipobadilika Julai 2022, waliokuwa wakitegemea mkupuo wa asilimia 50 walikuta 33, na nawajua watu wazima waliolia pale dirishani. Njia nyingine badala ya amana, ile ya kuonyesha kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, ni zaidi ya milioni 4 na nusu. Pensheni ya mwalimu au ya mhasibu wa halmashauri haifiki huko. Inabaki amana. Kama hizo milioni 60 ndizo zote mlizonazo, kaeni kwanza nyumbani, kwa maana hela ya amana hailiwi.

2. Akaunti iwe na jina moja. Hapa nitakaa.

Kijana wetu wa kwanza alikwenda Winza, kule Mpwapwa, mwaka 2008 rubi zilipochanganya na Wathai wakajaa kununua. Akaanza kama dalali, akajifunza mawe, mwisho akaondoka na tajiri wake hadi Chanthaburi, mji wanakochoma mawe ili rangi ing'ae na kuyauza, na soko lake huchangamka kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Akaoa huko huko. Mwaka 2019 mkwe wetu alikuwa mjamzito, anatarajia katikati ya Desemba. Mimi nilikuwa nimestaafu mwaka uliotangulia, na mke wangu alikuwa ameomba kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55. Mkupuo wake ndio uliokuwa mzima. Wangu ulikuwa umeshaingia kwenye nyumba ya Kisasa. Niwaambie ukweli huo mapema kwa sababu ndio kiini cha kosa langu.

Tuliingia Thailand tarehe 6 Septemba kwa viza ya siku 90, mwisho wetu tarehe 4 Desemba. Tukaenda benki moja. Binti wa kaunta akauliza kwa upole akaunti iwe ya nani. Mke wangu akanigeukia, akasema, "Kwani sheria yao ya viza inasemaje kuhusu jina?" Nikamjibu kwamba mambo ya benki aniachie mimi, nimeyafanya miaka 30. Nikasema ya pamoja.

Nilikuwa na sababu, na nilijiona nina hekima. Mdogo wangu alipofariki, mjane wake alihangaika na mirathi miezi mingi huku hela ya mumewe imelala benki na watoto wanadaiwa ada. Nikaapa mke wangu hatapita hapo. Lakini kulikuwa na sababu ya pili, nayo niliificha hata kwangu mwenyewe: sikutaka fedha zile zisomeke kwa jina la mama peke yake. Kaka zangu wangesema nimehamia nchi za watu kwa mgongo wa mwanamke. Hilo ndilo lililotia saini ile fomu.

Hela iliingia tarehe 27 Septemba. Tukasubiri miezi 2 ikae, kama inavyotakiwa. Tarehe 28 Novemba, Alhamisi, tukaenda uhamiaji na kila kitu kwenye faili: fomu ya TM7 ya kuomba kukaa mwaka, picha, barua ya benki, baht 1,900 kila mmoja. Afisa alikuwa mwanamama wa makamo, mwenye miwani ya kamba. Akafungua kitabu cha benki, akaweka kidole juu ya jina langu, akakisogeza hadi jina la mke wangu. Kisha akachukua kikokotozi, akaandika 800,000, akagawa kwa 2, akanigeuzia kioo nisome. 400,000. Kwao akaunti ya pamoja ni nusu kwa nusu, hata kama ni mume na mke wa ndoa, hata kama mmoja anaomba kama tegemezi wa mwenzake. Nilijaribu kueleza. Akanisikiliza hadi mwisho, akarudia kunigeuzia kile kioo.

Tulikuwa na siku 6. Kufungua akaunti mpya ni kuanza kuhesabu miezi 2 upya, na kukaa baada ya muda ni faini ya baht 500 kwa siku na doa kwenye pasi. Tukakata tiketi. Mkwe wetu alitusindikiza hadi mlangoni, tumbo lake limeshuka, akamshika mke wangu mikono yote miwili. Mjukuu alizaliwa sisi tuko Dodoma, tukamwona kwenye simu.

Tukajipanga kurudi baada ya Pasaka ya 2020. Mnakumbuka mwaka ule. Tarehe 4 Aprili Thailand ilizuia ndege za abiria kuingia, na kilichofuata ni mlolongo wa vibali, karantini na bima tusizozimudu. Hela yetu ilibaki kule, inataka saini mbili mbele ya kaunta ambayo hakuna hata mmoja wetu angeweza kuifikia. Tulirudi Julai 2022, walipoondoa kibali cha mtandaoni cha kuingilia. Mtoto alikuwa na miaka 2 na nusu. Aliponiona alijificha nyuma ya mguu wa baba yake, na ilichukua karibu wiki mbili kabla hajakubali nimshike mkono kwenda dukani.

Mke wangu hajawahi kunitajia lile swali alilouliza benki. Mimi ndiye ninayelitaja.

Safari hii tulifungua akaunti kwa jina lake peke yake. Yeye ndiye mwombaji, mimi ni tegemezi wake kwa cheti cha ndoa, na amana ni moja ya 800,000 kwa wote wawili. Mkitaka kila mmoja asimame mwenyewe kama mstaafu, ni 800,000 mara mbili, kila moja kwenye akaunti yake. Tuliangalia pia nani kati yetu mwenye afya na umri mdogo, kwa sababu mwenye amana akifa, tegemezi naye hana tena pa kujishikiza, na akaunti hufungwa mpaka mirathi. Ndiyo, yale niliyoyaogopa kwa mjane wa mdogo wangu yapo hata huko. Dawa yake ni wosia ulioandikwa kule kwa Kithai, na tegemezi kuwa na akaunti yake ndogo yenye hela ya miezi kadhaa. Kaka zangu walisema walichosema.

3. Muhuri wa mwaka ukishagongwa, msikimbilie kutoa. Sheria ya tangu 2019 ni hii: 800,000 ikae miezi 2 kabla ya kuomba na miezi 3 baada ya kupata, kisha isishuke chini ya 400,000 mwaka mzima. Ukipata muhuri Machi, huigusi hadi Juni, na Januari lazima iwe imerudi kamili. Kwa hiyo ile nusu mnayosema "tutaizungusha" ina miezi 7 tu ya kuzunguka. Jamaa yangu mmoja wa Ilazo aliitoa Aprili akapaua nyumba. Bati ni zuri, jekundu, linaonekana toka barabarani. Viza hana.

4. Tumeni zaidi. Benki za katikati hukata chao njiani hata ukilipia ada zote huku, na ikiingia 799,000 na kitu, hesabu ya miezi haijaanza. Waliotuma ya 820,000 hulala vizuri.

5. Cheti cha ndoa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili, kikapigwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje pale Mtumba, kisha ubalozi wa Thailand Nairobi, ndipo kitafsiriwe Kithai. Anzeni hilo mapema kuliko tiketi.

6. Asubuhi ya kwenda uhamiaji wekeni baht 100 kwenye akaunti na kuchapisha kitabu cha benki, ili mstari wa mwisho uwe wa siku ile ile. Msishtuke kuona mwaka kama 2562 kwenye karatasi zao. Kwa kalenda yao ndio 2019 wetu.

7. Kibali cha kurudi Thailand mkitoka, fomu TM8, baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi. Ukitoka bila hicho, muhuri wa mwaka umekufa na amana haikusaidii. Wenzetu wawili wa Kondoa walipigiwa simu ya msiba usiku, wakaondoka alfajiri na mkoba mmoja, wamejaa machozi, hakuna aliyekumbuka. Siwalaumu kabisa. Ndiyo maana nawaambia mkate cha safari nyingi siku ile ile mnayopewa mwaka, mkiwa bado na akili zenu. Mkisahau, uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, una dirisha lake kabla ya kupanda ndege.

8. Kadi ya homa ya manjano, kuripoti uhamiaji kila siku 90, uhakiki wa PSSSF, mfuko wetu wa pensheni, mkiwa nje. Haya mnayajua.

Jumamosi nipo nyumbani kuanzia saa 4 asubuhi. Wale wa Jumapili wamesharudisha fomu, na kuna wengine wawili wa Nkuhungu wanakuja. Leteni cheti halisi, si kivuli, na hati za mkupuo za wote wawili. Baba usije peke yako. Nitakuwa na maswali ya kumuuliza mama, na nataka ajibu mwenyewe.