Maswali na majibu: Je, Bagamoyo ilidumaa kwa sababu Wajerumani walihamia Dar es Salaam?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana ninayeongoza wageni hapa Bagamoyo. Maelezo tuliyorithi kwa wenzetu ni kwamba mji ulianzia Kaole, ukahamia hapa, ukawa makao makuu ya Wajerumani, kisha walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891 mji ukafa. Mgeni mmoja akaniuliza: kama ulikufa 1891, mbona Boma mmeniambia limejengwa 1897? Nilikosa la kusema. Je, ni kweli pia kwamba Kaole ndiyo iliyohamia hapa? Na ile bandari mpya inayozungumzwa ikijengwa, mji utarudi ulivyokuwa?

JIBU: Marahaba. Mgeni wako kakubana pahala penyewe. Serikali haijengi ofisi kubwa ya ghorofa katika mji iliokwisha kuuzika miaka sita nyuma. Sisi wa mipango miji tukiulizwa kwa nini mji fulani umekua au umedumaa, hatuanzi na nani alikuwa akitawala. Tunauliza kwanza mzigo uliingiaje na ulitokaje. Kwa Bagamoyo, sehemu kubwa ya jibu iko ufukweni.

Nenda pale bandarini maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida. Mchanga umetandaa kwenda mbali na mteremko wake ni mdogo mno. Mtu aliyezoea bandari ya Dar es Salaam ataona hapo hapana bandari. Nahodha wa jahazi haoni hivyo. Yeye huingia na maji ya kujaa, yakipwa chombo chake kinakaa mchangani, wapagazi wanakifuata kwa miguu na kushusha mizigo mabegani. Maji yakirudi, chombo kinaelea na kuondoka. Hakuna gati wala winchi. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi, na kazi yote hiyo bahari inaifanya bure.

Juu ya hilo, Unguja iko ng'ambo tu, kilomita arobaini na kitu. Baada ya Seyyid Said, Sultani wa Omani, kuhamishia makazi yake Unguja, biashara ya pembe za ndovu ya upande huu wa Afrika ilikusanyika kule, na Bagamoyo ikawa mlango wake wa bara. Nguo za merikani, kaniki, shanga na waya vilivushwa huku. Pembe na sandarusi, ule utomvu mgumu wa kutengenezea vanishi, zikavushwa kule. Na watu pia, waliouzwa. Hilo usilirukie hata kama wageni wamechoka na jua. Njia ya misafara ilikwenda Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, hadi Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani kwa maelfu kila msimu.

Ndiyo maana umbo la mji liko vile unavyoliona. Nyumba za mawe za wafanyabiashara, Wahindi na Waarabu, zimejipanga karibu na bahari sambamba na ufuko, kwa sababu mwenye mali alitaka ghala lake liwe hatua chache kutoka chombo kinaposhusha. Wapagazi walipiga kambi upande wa bara, njia ilikoingilia mjini, na huko ndiko ilikosimama ile nyumba ya misafara mnayoiita Caravan Serai. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliofika 1868, walipewa ardhi nje ya mji upande wa kaskazini, wakawa na mashamba na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kwa hiyo ukitembeza wageni kutoka ufukweni kwenda bara, unawapitisha kwenye biashara ile ile kwa mpangilio wake: chombo, ghala, duka, kambi. Mimi ningeanza matembezi hivyo, si kwenye Boma.

Sasa Kaole. Msikiti wake wa zamani unawekwa karne ya 13, na Bagamoyo kama mji ni ya mwishoni mwa karne ya 18. Katikati pana karne nyingi, kwa hiyo picha ya watu kufunga virago na kuhama kilomita tano haifai. Pwani hii ilikuwa na vijiji kadhaa vya Washomvi, Waswahili wa pwani hii, kila kimoja na diwani wake, yaani mtawala wake, wakielewana na Wazaramo wa bara na kuwalipa ada. Kimoja kikipanda, kingine kinashuka. Hata mwaka 1857, wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipokwenda kuyatafuta maziwa makuu, walianzia Kaole, ambako Sultani wa Unguja alikuwa na kikosi cha Wabulushi, askari wa asili ya Baluchistani. Mpelelezi mwingine, Stanley, alipokuja 1871 aliondokea Bagamoyo. Mikoko iliyosimama leo kati ya magofu na bahari inakuonyesha sababu mojawapo: tope limejaa na vyombo havifiki tena. Waambie wageni kwamba Kaole ilipitwa.

Bagamoyo nayo ilipitwa, ila kwa namna tofauti, na hapa ndipo mwaka 1891 unapoingia. Vita ya 1888 na 1889, ya Abushiri dhidi ya Kampuni ya Kijerumani, iliuumiza mji, lakini biashara ilirudi. Kilichowaondoa Wajerumani ni meli. Meli ya moshi haiwezi kukaa mchangani kama jahazi. Ilibidi itie nanga mbali na mzigo uletwe kwa mashua. Mto Ruvu unamwaga maji yake kaskazini ya mji na kuleta mchanga na tope, hivyo kina hakikuwa cha kutegemea kupatikana karibu. Dar es Salaam ilikuwa na hori lenye kina, lililokingwa dhidi ya mawimbi, ambalo Seyyid Majid, mtoto wa Seyyid Said, alikwisha kulipenda miaka ya 1860. Kuhama kwa makao makuu, basi, ni dalili ya tatizo lililokuwapo tayari.

Lakini hata hapo mji haukuanguka, kwa sababu misafara ilikuwa bado inatembea kwa miguu, na mpagazi hajali kina cha bahari. Katika miaka ya 1890 Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akiwapatia wasafiri wapagazi na bidhaa, alikuwa bado akifanya biashara zake hapa, na Boma likajengwa. Jibu la mgeni wako ndilo hilo: 1891 serikali kuu iliondoka, biashara ikabaki, na penye biashara hapakosi ofisi ya wilaya na ushuru.

Kilichoikata biashara yenyewe ni reli mbili, na hakuna hata moja iliyopita hapa. Ya kwanza ni ya Waingereza: ilianzia Mombasa 1896 na kufika Ziwa Viktoria, Kisumu ya leo, 1901. Mzigo wa kanda ya ziwa ukapata njia ya siku chache badala ya miezi. Ya pili ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Hiyo ndiyo iliyofuata njia ya msafara karibu hatua kwa hatua, ila upande wa pwani ikaishia kwenye maji ya kina. Mnyamwezi aliyekuwa akija Bagamoyo hakuwa tena na sababu ya kuja. Ukilazimika kuwapa wageni mwaka mmoja, wape 1905. Huo wa 1891 waachie wenye vitabu vya magavana.

Kuhusu bandari mpya, mkataba wa 2013 uliitaja Mbegani, kusini ya mji, wala si ufuko wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na mazungumzo yake yalikwama mwaka 2019. Kwa jicho la mipango miji, bandari ya makontena huvuta maghala, barabara za malori na nyumba za wafanyakazi karibu nayo. Ikijengwa Mbegani, mji mpya utaotea huko, na Mji Mkongwe utapata wageni zaidi, bei ya viwanja itapanda, na wenye nyumba za mawe watashawishika kubomoa wajenge ghorofa. Hilo ndilo ningewauliza wakubwa wa halmashauri kabla ya kuuliza bandari inaanza lini.