Kabla hujapanda ngazi kufunga vihisi

Mnaoanza kazi ya kufuatilia mizigo na watu ndani ya majengo, mkikabidhiwa mchoro wa godauni na boksi la vihisi (vifaa vinavyopokea mawimbi ya Bluetooth kutoka kwa mzigo au mtu, ili mfumo ukadirie umbali na mahali alipo), ingieni kwanza ndani siku ya kazi, mzigo ukiwa umejaa. Mchoro huonyesha kuta na milango. Hauonyeshi rafu za chuma zilizokaribia bati, wala katoni za maji ya chupa. Maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4, na Bluetooth iko hapo hapo. Godauni la Vingunguti lililopimwa tupu, likishajazwa soda ni jengo jingine kabisa. Hata makuli wanaopita huziba mawimbi, maana mwili wa mtu nao sehemu kubwa ni maji.

Kinachowaponza wengi ni umeme. Soketi ziko juu ya njia ya katikati, basi vihisi vyote vinafuata mstari huo. Sasa fikirieni foklifti iliyo mita 5 kushoto mwa mstari na nyingine mita 5 kulia, zikitazamana: umbali wao kutoka kila kihisi ni uleule. Mfumo utajuaje ni ipi? Ongezeni kihisi cha 10 kwenye mstari huo, majibu yatabaki mawili. Kimoja tu kikivutwa pembeni, utata unakwisha. Kwa hiyo vuteni waya, hata fundi umeme akinuna. Vihisi vimzunguke mnayemtafuta.

Msivibandike kwenye bati lenyewe. Chuma kikiwa nyuma ya antena huiharibia kazi.

Kuchagua sehemu 8 za kufunga vihisi kati ya 40 kuna njia zaidi ya milioni 76, hivyo iachieni programu: ianze na kihisi kimoja, iongeze kile kinachopunguza zaidi kosa la kukadiria mahali, hadi bajeti iishe. Haiahidi mpangilio bora kuliko yote, ila mimi huridhika nayo. Muhimu ni mnaiambia ipunguze nini. Wastani mzuri huficha kona ambayo kosa lake ni mita 8, na mteja atapiga simu kuhusu kona hiyo hiyo. Pimeni kwa sehemu mbaya zaidi.

Halafu muulizeni stookipa rafu zipi huhamishwa. Kihisi kilichofungwa kwenye rafu kikihama nayo, koodineti zake (namba za mahali kilipo) zinakuwa za uongo na mfumo hautatoa onyo lolote. Fungeni kwenye nguzo.