Re: Naxos kwenda Santorini, tiketi imeandikwa Thira

Salama mkuu. Umeuliza kama umekosea tiketi ya kutoka Naxos kwenda Santorini, hivi visiwa vya Ugiriki, kwa vile imeandikwa Thira, na kama boti ya kasi inafaa Agosti wakati una ndege jioni hiyohiyo. Thira ndo Santorini yenyewe, jina rasmi tu, hapo tulia.

Shida iko kwenye hiyo ndege. Mwezi wa saba na wa nane kuna upepo wa kaskazini wanauita meltemi, ukichachamaa vyombo vinazuiwa kutoka na boti za kasi ndo zinaanza kusimamishwa, mimi nililala Naxos usiku mmoja zaidi huku jua linawaka vizuri kabisa ila bahari imechafuka, yaani huwezi amini. Cheki kwanza utabiri wa upepo, halafu kama tiketi inabadilishika hamia meli kubwa ya magari, ni kama masaa mawili hivi na hairushirushi sana, na uvuke siku moja kabla.

Begi kubwa unaacha kule chini kwenye magari, angalia rafu yenye jina la kisiwa chako. Mnashukia bandari ya Athinios, chini kabisa ya mwamba, basi la kwenda Fira, mji mkuu wa Santorini, linajaa haraka so usizubae kupiga picha. Vidonge vya kichefuchefu meza kabla ya kupanda, sio ushaanza kutapika.