Mimi pia ni O hasi: dada, anza na ile mimba iliyotoka

Dada, pole sana kwa mimba iliyotoka, na hongera kwa hii uliyonayo. Umesema wewe ni O hasi na mumeo ni B chanya, mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minne ukasafishwa, sasa una wiki 14, na ndugu wa mume wanasema damu zenu zimekataana kwa hiyo hamtapata mtoto pamoja. Mimi ni O hasi, mume wangu ni chanya, na tuna watoto wawili wanaocheza nje sasa hivi ninapoandika. Kilichonishtua kwenye maelezo yako si maneno ya ndugu. Hujasema popote kama baada ya kusafishwa ulichomwa sindano ya Anti-D, ile inayozuia mwili wa mama mwenye damu hasi kuigeukia damu ya mtoto aliye chanya.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa salama, kesho yake tukaruhusiwa. Kwenye kona ya kadi yangu ya kliniki palikuwa na "O-" kwa kalamu ya bluu, kile kistari kidogo kiasi kwamba nilidhani kalamu iliteleza tu. Hakuna aliyepima damu ya mtoto, hakuna aliyenitajia sindano, na mimi sikujua cha kuuliza. Anti-D hutakiwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Saa zangu 72 ziliisha nikiwa nyumbani napokea wageni.

Shida yenyewe iko kwenye hiyo hasi na chanya, ile alama ya Rh inayoandikwa baada ya herufi ya kundi la damu. Mtoto anaweza kurithi chanya ya baba yake. Mimba ikiwa imetulia, damu yako na yake hazikutani ovyo, lakini wakati wa kujifungua, mimba ikitoka, ukivuja damu au ukigongwa tumboni, damu yake kidogo huingia kwako. Mwili wako unaiona ngeni na kutengeneza kingamwili, yaani askari wa kuishambulia. Kazi hiyo huenda polepole, ndiyo maana mtoto wa kwanza mara nyingi husalimika. Anayefuata, akiwa chanya, ndiye anayepambana nazo: zinapita kwenye kondo la nyuma na kuvunja chembe zake nyekundu za damu. Sindano huziondoa chembe za mtoto kabla mwili wako haujazitambua kama adui. Ukishazitambua, sindano haifui dafu tena.

Mimi nilikutwa nazo tayari. Mimba ya pili, kipimo cha kingamwili, kile wanachokiita cha Coombs, kikaonyesha ninazo. Nikawa napimwa damu mara kwa mara, na kwenye ultrasaundi daktari anaangalia kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo wa mtoto, kwa sababu mtoto mwenye upungufu wa damu, damu yake hukimbia zaidi. Wiki ya 37 wakanianzishia uchungu. Alizaliwa analia vizuri, lakini saa chache baadaye mkunga alimbonyeza pua kwa kidole, akaachia, na pale palipobonyezwa pakabaki manjano. (Hii siyo ile homa ya manjano ya mbu, watu wengi walinichanganya hapo.) Wakamlaza chini ya taa ya bluu, macho yamefunikwa kwa kitambaa. Usiku wa pili manjano ikazidi kupanda, wakambadilisha damu, wakitoa kidogo na kuingiza kidogo, maana ikifika kwenye ubongo inaweza kumwachia uziwi au ulemavu. Nilikaa nimeshika kisigino chake mpaka walipomaliza. Leo ana miaka sita, anasikia vizuri.

Kwa hiyo kliniki ijayo omba kipimo hicho cha Coombs, na uwaeleze habari ya kusafishwa hata kama hawajauliza. Ukikutwa huna kingamwili, utachomwa Anti-D karibu na wiki ya 28, na tena baada ya kujifungua mtoto akipimwa akawa chanya. Ukiona damu au ukianguka kabla ya hapo, usisubiri tarehe ya kliniki. Na kila mimba ina sindano yake, ya zamani haikulindi. Ukikutwa unazo, utafuatiliwa kama nilivyofuatiliwa mimi.

Kuhusu wewe kuwa O na mumeo B, hilo ni jambo jingine. Mtoto akiwa B anaweza kupata manjano hata akiwa wa kwanza, ila mara nyingi ni nyepesi na taa hutosha.

Ndugu waambie dawa ipo tangu miaka ya 1960. Inatengenezwa kwa damu ya watu wanaojitolea. Mmoja wao, James Harrison wa Australia, alitoa damu zaidi ya mara 1,100 mpaka alipofikisha umri wa kustaafishwa mwaka 2018. Alifariki mwaka 2025, na nilimlilia kama ndugu yangu.

Umeuliza kama shemeji apimwe tena. Kama kuna cheti cha maabara, kinatosha. Ila mwambie aje kliniki na asikie mwenyewe hizo saa 72, kwa sababu ukishajifungua utakuwa umechoka, na yeye ndiye atakayesimama mlangoni kuuliza damu ya mtoto imepimwa au bado.