Uliza Ujibiwe: Mlima wa Kupandwa Pekupeku, Majina ya Miji na Farasi wa Chaki

SWALI: Assalam aleykum. Mie ni mama niko Likoni. Bintiangu amepata kazi ya kutunza wazee huko Ireland, mji waitwa Westport, juzi katuma picha kwa wasap ya mlima umechongoka kama paa la makuti, watu wanaupanda pekupeku juu ya mawe, wengine miguu yatoka damu. Asema Jumapili ya mwisho ya Julai wenzake wa kazini wataka waende naye. Ni ibada gani hiyo na je kuna hatari? Na kwani nao wana kaunti kama sisi, maana asema yuko kaunti ya Mayo?
— Mama wa Likoni

JIBU: Waaleykum salaam mamangu. Huo mlima ni Croagh Patrick, wenyeji wauita Reek tu, yaani rundo, kwa vile ulivyo. Una mita 764. Ukiulinganisha na Kasigau yetu ya kule Taita, yenye zaidi ya mita 1,600, utauona mdogo, lakini usiuchukulie hivyo, kwa sababu mtu anaanza kupanda karibu kabisa na usawa wa bahari, pale Clew Bay, halafu ile sehemu ya juu ni mawe matupu yanayoteleza chini ya mguu, na mvua na ukungu wa Atlantiki unaweza kuingia ghafla hata kama asubuhi kulikuwa na jua.

Ibada yenyewe ni hija ya Wakatoliki. Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Patrick, yule aliyewapelekea Ukristo, alifunga siku 40 pale kileleni, na kuna kanisa dogo huko juu lililojengwa 1905. Wanaokwenda pekupeku wanafanya kwa toba au nadhiri, si lazima. Ila mlima ulikuwa na heshima kabla ya Patrick, kwa sababu siku hizo za mwisho wa Julai ndizo za sikukuu ya zamani ya mavuno, Lughnasa, watu wa kale walikuwa wakikusanyika vilimani. Dini ikaja, watu wakaendelea kupanda mlima uleule msimu uleule. Mie hilo linanigusa sana, nikifikiria kaya zetu, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, mtu amesilimu au amebatizwa lakini mti wa kaya haukati.

Na kuna jambo nataka umwambie binti aulize wenyeji. Miaka ya 1980 iligunduliwa dhahabu ndani ya huo mlima. Watu wa pale walisimama wakakataa mgodi, na baraza la kaunti ya Mayo likawa upande wao, dhahabu iko humo hadi leo. Sisi tuna Mrima kule Kwale, kilima chenye msitu wa kaya juu na madini ya niobiamu chini, na mabishano yake twayajua, kwa hivyo hii habari ya Mayo natamani isomwe na kila mtu Kwale.

Binti kama yataka moyo wake aende, mwache aende kutembea na wenzake, wengi wanapanda kwa mazoezi tu au kumkumbuka marehemu wao. Lakini avae buti za mlima, abebe koti la mvua, fimbo na maji, asiende peke yake. Na akiona ukungu mzito ateremke, mlima hauhami.

Kaunti wanazo, tena za zamani kuliko zetu. Kisiwa kizima kina 32, 26 ziko Jamhuri ya Ireland na 6 ziko Ireland Kaskazini chini ya Uingereza. Ya mwisho kuchorwa ni Wicklow, 1606. Zilichorwa na watawala wa Kiingereza lakini watu wakazifanya zao kabisa kupitia mpira wa Kigaeli, mchezo wa jadi wa Waireland, timu ni ya kaunti, rangi ni za kaunti. Kaunti ya Dublin iligawanywa sehemu tatu kiserikali 1994 lakini uwanjani ni Dublin moja, kama vile sisi bado twasema Pwani ingawa mkoa haupo tena.

SWALI: Mkubwa za saa hizi. Nafuatilia ligi ya Uingereza tangu nikiwa mdogo na sijaelewa kwa nini miji yao majina yanafanana miisho, Manchester, Leicester, halafu Derby, Grimsby. Kuna maana ama ni majina tu?
— Kijana wa Kisauni

JIBU: Kuna maana ndugu yangu, ukishaijua hutaangalia msimamo wa ligi vile vile. Chester, cester na caster zote zatokana na neno la Kilatini la kambi ya jeshi. Warumi walipiga kambi, wakaondoka, jina likabaki, Manchester, Lancaster, Gloucester (ambayo wao wasoma Glosta). Newcastle si ya Warumi, hiyo ni ngome mpya iliyojengwa 1080. Miisho ya by ni ya Wadenmaki waliokuja kwa majahazi yao, ina maana ya kijiji, ndio Derby, Whitby, Grimsby. Na pale Lancashire kuna Pendle Hill, wa kwanza waliuita pen, yaani kilima kwa lugha yao, waliofuata hawakujua wakaongeza kilima kwa lugha yao, halafu Kiingereza cha baadaye kikaongeza tena, sasa jina zima ni kilima kilima kilima.

Ireland ukiona Bally ni baile, makazi. Knock ni kilima, Kil mara nyingi ni kanisa. Dublin ni dimbwi jeusi, nasi tuna Kilindini, kina cha maji. Wapimaji wa Waingereza walichora ramani ya Ireland yote kuanzia 1824, na msomi mmoja, John O'Donovan, akazunguka akiuliza wazee jina lasemwaje na maana yake nini, bila yeye mengi yangepotea kwenye tahajia ya Kiingereza.

Wewe wa Kisauni una yako mlangoni. Freretown imeitwa kwa Bartle Frere, Mwingereza aliyepinga biashara ya watumwa, aliyezaliwa Wales kaunti ya Brecknockshire, kaunti ambayo 1974 serikali iliivunja. Lakini watumwa walioachiwa huru waliokaa hapo miaka ya 1870 walikuwa na kengele yao, na watu hawakusema twaenda kwa Frere, walisema Kengeleni. Makanga hadi leo anaita Kengeleni. Muulize babu yako majina mengine ya mitaa yenu, uyaandike kwa daftari, wiki hii.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, Majengo. Kwenye kalenda ya mjukuu kuna farasi mweupe kachorwa kilimani, ati ana miaka elfu tatu. Rangi gani hiyo isiyofutika?
— Mwalimu, Majengo

JIBU: Shkamoo mwalimu. Si rangi, ni chaki. Huyo ni farasi wa Uffington, Oxfordshire (kabla ya 1974 kilima kilikuwa cha Berkshire), ana urefu wa mita 110 hivi. Walichimba mitaro kwenye majani wakaijaza chaki iliyopondwa. Na anafutika, mwalimu, tena upesi, majani yakiachwa humla. Aliyemweka hai ni watu wa vijiji vya chini, kizazi baada ya kizazi wanapanda kung'oa majani na kuponda chaki mpya, na hadi leo wanaojitolea huenda na nyundo, wanapiga magoti, wanagonga. Vita vya pili vya dunia walimfunika kwa majani ili marubani wa Ujerumani wasimtumie kama alama ya njia, vita vilipoisha wakamfunua.

Mjukuu akitaka kumwona mzima mzima amtafute kwa picha za kutoka angani, ukisimama pale kilimani penyewe waona mistari tu.