Mtani akikupiga Jumamosi, Jumatatu vaa sweta lako

Kufungwa na timu yoyote kunauma, lakini kufungwa na mtani wa jadi kunakufuata mpaka nyumbani. Kuna simu, kuna kundi la WhatsApp, kuna jirani aliyetundika bendera barazani tangu Ijumaa. Matokeo yenyewe ungeweza kuyasahau kufikia Jumatano, ila watu hawakubali uyasahau. Ndiyo maana haya ninayoyaandika, mimi shabiki wa chuo cha Ohio State ninayeishi Columbus, Ohio, Marekani, yanahusu watu kuliko mpira.

Kwa mnaosoma mkiwa Dar au Mombasa: nazungumzia mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya kubandika, ambao mama yangu hadi leo anauita mpira wa kunyang'anyana yai. Tena ni wa vyuo vikuu, siyo ligi ya kulipwa. Msidharau. Uwanja wa Ohio State unachukua watu zaidi ya 102,000, na ule wa Michigan, watani wetu wa jadi, kule Ann Arbor zaidi ya 107,000. Timu hizi zilikutana mara ya kwanza 1897, na tangu 1918 zimeruka mwaka mmoja tu, 2020, kwa ajili ya korona. Wiki ya mechi wanafunzi wa hapa hubandika alama nyekundu ya X juu ya herufi M kila wanapoiona chuoni. Simba na Yanga wana mambo yao, lakini sijasikia wamegombana na alfabeti.

Sasa chukua Novemba 30, 2024. Michigan walikuja Columbus wakiwa wameshinda mechi sita na kupoteza tano. Sisi tulikuwa miongoni mwa timu bora nchini, na kila mchambuzi alikuwa ameshatuandikia ushindi mnono. Ikaisha 13-10, kwa mkwaju wa Michigan uliopigwa zikiwa zimebaki sekunde 45. Kisha wachezaji wao wakataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja wetu, ngumi zikaanza, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Na hiyo ilikuwa mara ya nne mfululizo tunafungwa nao.

Saa ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Mechi hii huchezwa siku mbili baada ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, kwa hiyo kipigo kinakukuta nyumba imejaa wageni na sufuria hazijaoshwa. Mimi nashukuru kwa hizo sufuria. Mechi ikiisha, nyanyuka uende ukafanye kazi ya mikono. Osha vyombo, kusanya majani yaliyojaa uani, mpeleke mgeni dukani. Televisheni usiiwashe tena siku hiyo, maana uchambuzi wa baada ya mechi unakupiga kipigo kilekile kwa mwendo wa polepole.

Simu iweke kwenye droo, lakini kabla hujaiweka, mpigie mtani wako. Wewe uanze. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaishi Ann Arbor na ni Michigan kindakindaki. Mechi ilipoisha nilimpigia kabla hajapata nafasi ya kutuma hata stika moja: "Shemeji, hongera. Mmetuweza." Kimya kidogo, halafu akacheka, akaniuliza kama watoto wamekula. Nina hakika alikuwa ameandaa maneno ya wiki nzima. Utani una adabu yake, na anayekubali mapema anamnyima mtani raha ya kumfukuza. Anayekimbia, akazima simu na kujitoa kwenye kundi, ndiye atakayechezewa mpaka Krismasi.

Watoto ni habari nyingine. Sisi tulihamia huku watu wazima, tumekuja na timu zetu za utotoni, kwa hiyo Ohio State kwetu ni mapenzi ya ukubwani. Watoto wetu wamezaliwa hapa. Kwao hii ndiyo timu, na Jumatatu wanakwenda kukaa darasani na wenzao. Mtoto akilia usimwambie "ni mpira tu". Hata wewe huamini hivyo, na anajua huamini. Mwache alie, mpe chakula. Ila chunga mdomo wako mbele yake. Wachezaji hawa ni vijana wa miaka 18 hadi 22 au zaidi kidogo, wana mitihani ya Desemba. Tangu 2021 wameruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya majina na sura zao, na kuna watu wazima wanaoona malipo hayo ni kibali cha kuwatukana mitandaoni. Mimi sioni hivyo. Mtoto anayekusikia ukimtukana kijana wa watu kwa sababu ya pasi moja, kesho naye atajiuliza akikosea atasikia nini.

Visingizio navyo vina kikomo. Mwaka 2023 Michigan walikuwa wanachunguzwa kwa wizi wa ishara ambazo makocha wapinzani huwapa wachezaji wao, na kocha wao Jim Harbaugh alikuwa amefungiwa mechi tatu za mwisho za msimu wa kawaida, yetu ikiwemo. Wakatufunga 30-24 bila yeye uwanjani. Lilaumu hilo siku moja, inatosha. Na kamari: tangu Januari 2023 kubeti michezo ni halali Ohio, na matangazo hayaishi. Mkeka uchanike kwa timu nyingine ukitaka, lakini usiweke hela kwenye mechi ya mtani. Huzuni ya timu hupungua yenyewe. Kodi ya nyumba haipungui.

Kisha Jumatatu, vaa sweta lako la timu. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mavazi ya wanafunzi katika vyuo saba, Ohio State na Michigan vikiwemo. Waliona kwamba Jumatatu baada ya ushindi wanafunzi huvaa nguo za chuo chao kwa wingi kuliko baada ya kipigo. Ni tabia ya binadamu, siilaumu. Lakini ukivaa siku ambayo wengi wameficha, mabishano yanakwisha kabla hayajaanza, na kazini utakuta wenzako wa kuomboleza nao kwenye foleni ya kahawa.

Kitu kimoja nisichokushauri ni kuahirisha maumivu ukisubiri kombe lije liyafute. Baada ya kile kipigo cha 2024, nusu ya mji ilitaka kocha Ryan Day afukuzwe. Hakufukuzwa. Timu ikaingia kwenye mtoano wa timu 12, ikazifunga Tennessee, Oregon na Texas, na Januari 20, 2025 ikaifunga Notre Dame 34-23 kule Atlanta na kuwa mabingwa wa taifa. Usiku ule nilimtumia shemeji matokeo, namba tupu bila neno: 34-23.

Akajibu: 13-10.

Nikampigia. Tuliongea karibu saa nzima, na kombe lenyewe hatukulitaja sana; alitaka kujua kama tutakwenda kwao Eid.