Mama mkwe anasema kinyesi cha mtoto si uchafu

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimeolewa kijijini, wilaya ya Kongwa. Mimi nimemaliza kidato cha nne, mama mkwe hakwenda shule. Mwanangu anayetambaa akijisaidia uani, mama mkwe anazoa kwa jembe na kutupa nyuma ya zizi. Anasema mtoto wa kunyonya hana uchafu. Nikitaja bakteria ananijibu kuwa shule imenifundisha dharau. Nifanyeje? – Mkamwana

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulichosoma ni kweli: kinyesi cha mtoto kinaambukiza kuhara kama cha mkubwa. Kipelekwe chooni, na maji ya kufulia nepi yamwagwe humohumo.

Ila bakteria waache kwanza. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio. Mama yangu alikuwemo, na alijua kuandika jina lake tu. Mwenye kujua kusoma alifungua kijitabu, wakasikiliza, wakabishana weee, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Mama hakuhubiriwa, aliulizwa anaonaje. Choo chetu hakikukosa mfuniko tangu hapo.

Sasa wewe una nzi na una vikope, ule ugonjwa wa macho unaoenezwa na nzi, na vyote viwili mama mkwe wako anavijua kukushinda. Huko kwenu bibi gani hajamwona mwenzake aking'olewa kope kwa kibano? Basi yule nzi mdogo apendaye kutua machoni mwa watoto huzaliana zaidi kwenye kinyesi cha mtu kilichoachwa wazi juu ya udongo. Kwenye shimo la choo hastawi. Jioni mkiwa mnachambua mboga, muulize: “Mama, hivi hawa nzi wa machoni wanatokea wapi?” Halafu nyamaza. Mwache aseme, hata akikosea. Kesho yake nendeni wote nyuma ya zizi mkatazame.

Usimnyang'anye jembe, maana kuzoa anazoa vizuri. Kinachobadilika ni mahali pa kutupa. Akimaliza anawe kwa sabuni, au jivu kama sabuni imekwisha. Kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu, kikiwekwa kando ya choo kinatumia maji kidogo sana, na najua Kongwa maji yanavyosumbua.

Halafu mumeo mbona hukumtaja kabisa? Dumu, kamba na kijiti cha kukanyagia ni kazi yake. Mwambie atengeneze Jumapili hii.